Mifupa Saba ya 510510

Asubuhi hii lori la kakao limesimama mtaani Kimemi, mbele ya nyumba alimokuwa akikaa bibi yangu. Kabla sijamsalimu mtu yeyote nikajikuta nahesabu matabaka ya magunia. Usinicheke, rafiki yangu. Ni wivu tu, na ninao tangu darasa la sita.

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa kwenye mti wa avoka. Aliyeshinda hesabu za Jumamosi aliigonga wiki nzima. Niligonga mimi, wiki baada ya wiki, mikono ikinuka kutu, na bibi aliacha kuchagua maharage apate kusikia. "Ule ni mutoto wetu," aliwaambia majirani. Kisha akaja binti wa mwenye lori la kakao, kutoka Beni. Walikuwa Waislamu, walipanga nyumba ya jirani, na harufu ya pilau yao iliifuata sombe yetu ya majani ya mihogo mpaka mezani. Hata pilau niliionea wivu. Wiki tatu mfululizo kengele ikawa yake, na bibi hakuinua kichwa tena.

Jumamosi ya nne mwalimu aliandika ubaoni 510510. "Namba ni kama mbuzi," alizoea kusema, "mukate mupaka ku mifupa." Yaani tuigawanye hadi zibaki namba zisizogawanyika tena. Nikakata kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Ikabaki 221. Jedwali la kuzidisha nyuma ya daftari zetu liliishia kumi na mbili, nami nikajaribu zote mpaka hapo. Wapi! Nikatupa jicho kwenye daftari la yule binti: 13 × 17. Nikasimama kabla yake, nikasoma jibu lake kama langu.

"Mais mwalimu, ni mimi niliipata!" akapinga. "221 ni kamiyo ya papa ikijaa. Magunia kumi na saba chini, mara kumi na tatu kwenda juu."

Darasa likaangua kicheko. Hesabu ya magunia ya lori la baba yake, tena? Nami nikacheka kuliko wote. Mwalimu akanikabidhi chuma cha kugongea.

Wiki ile niligonga mpaka bibi akatoka nje akipiga vigelegele. Nakuambia ukweli, wizi haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba yeye aliona nisichokiona. Alinionyesha mwenyewe njiani, bila kinyongo: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. "Angalia, mifupa yote iko ku mustari, hapana hata moja yenye iliruka." Nikamjibu kwamba najua. Muhula haujaisha, wakarudi Beni, na sikuwahi kumwomba radhi.

Bibi hayupo tena. Rimu ilichukuliwa, mti ulikatwa, shule ina kengele ya umeme. Nimebaki na namba ile, na lori hili. Nimehesabu matabaka mara mbili, nikiomba yawe kumi na mbili, nimkute yule binti amekosea walau mara moja.

Ni kumi na tatu.