Mibuni Yake na Mibuni Yangu

Siku mume wangu alipooa mke wa pili sikulia. Nililia wiki iliyofuata, alipovuta kamba katikati ya kibanja chetu na kukigawa. Upande wa juu, penye zizi la zamani, akampa mke mdogo. Upande wa chini, unaoelekea nyikani, ukabaki wangu.

Tulikaa upande wa Muleba, enzi za Waingereza, na kibanja ndicho kilikuwa maisha yetu: migomba, na chini ya migomba kahawa. Upande ule wa juu niliulisha mimi. Tangu nikiwa bibi harusi nilibeba samadi kutoka zizini kichwani, nikaimwaga kwenye mashina ya mibuni hadi udongo ukawa mweusi. Kisha akaja mtu kuvuna.

Mke mwenzangu alitoka Nyanga, karibu na mji wa Bukoba. Alikuwa na sauti laini, na kila asubuhi alipiga magoti kunisalimia, akiniita Bi Mkubwa. Mbele za watu nilimwitikia vizuri. Moyoni nilikuwa nikisikiliza nyumba yake: mume amecheka nini huko, mbona amechelewa kutoka, mbona samaki wa ziwani, kutoka Kemondo, amepelekwa kwake kwanza.

Msimu wa pili wa kahawa, mume alikuwa akila kwangu. Akamega kipande cha ndizi, akasema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Mibuni ya mwenzako inazaa kuliko yako."

"Ile ina samadi yangu," nikasema.

"Samadi ya miaka ile? Imeshakwisha. Mwenzako ana mkono wa kahawa tu."

Chakula kilinishinda. Tangu siku ile nikawa siwezi kupita karibu na kamba bila kutazama matawi yake, kisha yangu. Kikapu chake kikijaa nilikiona kikubwa. Changu kikijaa nilikiona kidogo.

Basi akaja bwana shamba, Mhaya mwenzetu aliyekwenda mbali kusomea kilimo, akizunguka vijijini kufundisha watu kutandaza nyasi. Mume alimkaribisha kwa akamwani, kahawa ya kutafuna tunayowapa wageni, na hata kabla hajamaliza kutafuna ya kwake akaanza kumsifu mke mdogo. Nilikuwa nikipanga vigoda. Nikashindwa kunyamaza.

"Bwana shamba, mume wangu anapima kwa macho. Wewe huwezi kupima kwa mizani?"

"Naweza, mama," akasema. "Ila kupima kikapu kimoja hakutoshi. Mbuni mmoja huzaa sana, jirani yake huzaa kidogo, ingawa umeitunza sawasawa. Itabidi tupime miti kadhaa kila upande, kila mti peke yake, tutafute wastani wa huku na wastani wa huku."

"Miti ipi?" mke mwenzangu akauliza.

"Itakayochaguliwa na bahati. Mkichagua wenyewe, kila mmoja ataleta mizuri yake."

Aliipa miti namba, akaandika namba hizo kwenye vijikaratasi, akavitia kwenye vibuyu viwili. Akaamua mimi nichomoe za upande wa mwenzangu, na mwenzangu achomoe zangu. Nilipotoa namba ya mbuni wake dhaifu nilifurahi. Nilipotoa ya ule mnene ulio karibu na zizi nilitamani kuirudisha kibuyuni, lakini macho ya mwenzangu yalikuwa kwenye vidole vyangu. Ilipofika zamu yake, yangu yakawa kwenye vyake.

Msimu mzima tulichuma miti ile, kila mti kwa kikapu chake, na bwana shamba alikuja na baiskeli yake na mizani ya kuning'iniza. Mwisho akatuweka uani baada ya adhuhuri, akapiga hesabu. Wastani wa mke mdogo ulikuwa juu kuliko wangu.

"Nilisema!" Mume akapiga goti lake.

"Bado, mzee," bwana shamba akasema. "Tumepima miti michache tu kati ya miti mingi. Huenda bahati iliangukia mizuri yake. Tuseme pande zote mbili ni sawa kabisa. Je, bahati peke yake inaweza kuleta pengo kama hili?"

Akaandika uzito wa kila mti kwenye kijikaratasi, vya kwangu na vya mwenzangu, akavichanganya vyote kwenye ungo. Kisha akavigawa upya mafungu mawili bila kuangalia, akatafuta wastani wa kila fungu. Pengo likawa dogo. Akachanganya tena. Safari hii pengo lilikuwa kubwa kuliko letu. Akarudia na kurudia, na mara nyingi bahati ilitupa pengo kama lile au kulizidi.

"Kwa hiyo nani kashinda?" mume akauliza.

"Hatuwezi kusema kwamba pande hizi zinatofautiana. Wala hatujathibitisha kwamba ni sawa. Msimu ujao tupime miti mingi zaidi."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu ya maneno yale. Jioni ile nilipika vizuri kuliko siku zote, nikaimba jikoni kwa sauti ya kufika nyumba ya pili.

Msimu uliofuata tukapima miti mingi. Wastani wake ukawa tena juu ya wangu. Bwana shamba alipoleta ungo nikamwomba anipe nichanganye mwenyewe, maana nilikuwa nimesoma madarasa machache na kujumlisha nilijua. Nikachanganya, nikagawa, nikapiga hesabu. Pengo dogo. Nikachanganya tena. Dogo. Nilivichanganya vile vijikaratasi kama mtu anayepepeta mtama, nikiomba bahati inipe pengo kubwa kama letu, ili niseme ona, ni bahati tu. Halikuja. Kivuli cha migomba kilitufikia miguuni na bado nilikuwa nikigawa.

"Inatosha, mama watoto," mume akasema kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko kama angenicheka.

Bwana shamba akauchukua ungo. "Sasa naweza kusema miti ya juu inazaa kuliko ya chini. Bahati peke yake ni shida kuleta hili. Ila hesabu imezungumzia miti. Haijasema ni kwa nini, na haijasema lolote juu ya mikono ya wake zako."

Nilifungua mdomo kusema habari ya samadi. Mke mwenzangu akanitangulia.

"Mimi najua kwa nini," akasema, amepiga magoti, macho chini. "Nikichimba kule juu nakuta samadi ya Bi Mkubwa. Udongo ule ni kazi yake. Mimi nimeukuta."

Mume alitazama chini. Bwana shamba alitikisa kichwa kukubali. Nami ningepaswa kushukuru, lakini nilijawa na hasira. Neno langu la miaka yote, nililolisema likapuuzwa, limetoka kwenye kinywa chake na likasikilizwa mara moja. Hata wema alikuwa amenitangulia.

Bwana shamba akashauri kila upande ugawanywe mara mbili, kila mke alime kipande juu na kipande chini, ndipo mikono yetu ilinganishwe kwenye udongo uleule. Mume akakubali, akaing'oa kamba. Lakini kabla msimu haujafika bwana shamba alihamishiwa Izimbya, na hakuna aliyepima tena.

Tukabaki tukilima mimi na yeye bega kwa bega, juu na chini. Nyasi za nyikani tulizibeba pamoja, kwa sababu mzigo wa mmoja haukutosha. Alipopata mimba nilimkataza kubeba, nikabeba za wote wawili, nikinung'unika njia nzima. Alipojifungua mume alikaa kwake siku nyingi, nami nikatandaza nyasi kwenye vipande vyote vinne peke yangu, vyake kwa unene uleule wa vyangu. Kisha nikaenda kumwona mtoto. Alikuwa na pua ya baba yake, kama watoto wangu. Nilimpakata, nikamtazama kwa muda mrefu nikitafuta alichowazidi.