Mguu wa Kulia wa Bwana Harusi

Nitawaambia mwenyewe, kwa kuwa aibu ni yangu na nimechoka kuisikia vinywani mwa watu: mimi ndiye yule bwana harusi aliyesimamishwa mlangoni kwa wakwe, mchana kweupe, kanzu imepandishwa hadi gotini, akaulizwa mbele ya mtaa mzima ana nini mguuni. Naandika polepole kwa sababu mkono wangu si mwepesi (chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nilikaa miaka mitatu tu), na pia kwa sababu kila nikifika pahali pa Sefu hasira hunipanda na kalamu hutoboa karatasi.

Sefu ni binamu yangu, mtoto wa ami yangu. Tumekua nyumba moja pale mtaani Kuze, tumelala mkeka mmoja, na watu wakasema, basi Sefu ndiye atakayekushikia mwavuli siku ya harusi yako, nami nikakubali, maana mimi ni mtu wa haya, nikiamkiwa na watu watatu kwa pamoja sijui nimjibu yupi, na Sefu ana maneno ya kumtosha yeye na mimi.

Sasa wiki ile ya harusi tumekaa ndani, Sefu akanitazama miguu, akacheka. Nikamwuliza wacheka nini. Akasema, "Nacheka kuoshwa miguu. Wewe wajua kwamba bwana harusi akifika kwa mkewe huoshwa miguu mlangoni na somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda, na wanawake wote wako pale nyuma wachungulia? Watakapoiona hiyo yako, ndugu yangu, watadhani wameletewa beberu."

Ni kweli kwamba miguu yangu ina nywele. Ni nywele za kwetu, marehemu baba alikuwa nazo, ami anazo, na Sefu mwenyewe hana hata moja, sijui kwa nini. Siku zote nilikuwa nazo na hazijanisumbua, lakini tangu neno lile sikulala. Nilijiona nimekaa kitini, kanzu inapandishwa, wanawake wanaanza kuniimbia, na Zuhura, mke wangu ambaye alikuwa hajaniona tangu tulipokuwa watoto, yuko juu ghorofani anausikia wimbo. Hilo ndilo lililoniuma. Sikutaka neno la kwanza atakalolisikia juu yangu liwe ni kicheko.

Mtasema, si ungalinyoa tu? Kinyozi alikuja Jumatano kuninyoa kichwa kama desturi, nimekalishwa uani, mashangazi wananiimbia, na mimi hata kumwambia kinyozi wembe wake hauna makali niliona haya, sembuse kumwonyesha muundi. Na Sefu alikuwa ameshaniambia kwamba nywele za wembe hurudi siku ya tatu kama miiba. Wanawake hunyonyoa kwa jivu, wanapaka na kung'oa moja moja, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingi na yataka mtu wa kukufanyia. Nyumba imejaa wageni, nimwombe nani?

"Iko njia rahisi," akasema Sefu. Akaenda kwa Muhindi mmoja muuza dawa sokoni, akarudi na unga uliofungwa karatasini, wa chokaa na jiwe la manjano lililosagwa. "Watia maji, wapaka, wangoja muda wa kutafuna tambuu moja, wafuta. Nywele zote zatoka na kitambaa. Hata huhisi."

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe dogo, ndiyo maana linaniudhi mpaka leo. Mimi sijatafuna tambuu maisha yangu. Sefu atafuna, na Sefu ni mtu wa pupa, tambuu yake huitia mdomoni na kuitema kabla hajafika mwisho wa ukuta wa nyumba yetu. Ningalimwuliza, ni muda gani hasa? Sikumwuliza. Nikaona haya kumwuliza (haya gani hizo, za kumwonea mtu niliyelala naye mkeka mmoja!) nikasema moyoni, bibi yangu atafuna tambuu kila asubuhi pale uani, nitamtazama yeye.

Basi asubuhi ya harusi nikajifungia chumba cha juu ambacho dirisha lake laangalia uani. Bibi alikuwa amekaa na kijamanda chake cha tambuu na kinu kidogo, kwa sababu hana meno, huitwanga kwanza. Nikaukoroga ule unga. Ukanuka mayai yaliyooza, wallahi. Nikapaka mguu wa kulia kwanza, kuanzia gotini hadi kifundoni, nikasema ukikubali nitapaka na wa pili. Bibi akatia mdomoni, nami nikaanza kungoja.

Ningoje mpaka lini, jamani? Mtu asiye na meno hatafuni, anaweka. Aliiweka shavuni, akapokea mgeni mmoja, wakasalimiana mpaka wakamaliza watu wa nyumba zote mbili, akachagua mchele, akasinzia. Mguu ukaanza kuwasha. Nikakumbuka Sefu alisema, "Ikiwasha ujue yafanya kazi, na ukifuta kabla ya wakati zitabaki vipande vipande kama shamba lililoliwa na ngedere." Nikauma shuka. Ukatoka kuwasha ukaingia kuchoma. Nikatoa kichwa dirishani.

"Bibi, hujamaliza?"

"Kumaliza nini, mwanangu?"

"Tambuu."

Akanitazama kwa huruma. "Wataka? Masikini, leo ni siku yako. Ngoja nikutwangie nyengine."

Na akaanza kutwanga! Nikasimama pale na machozi yananitoka, sijui hii ya pili nayo ihesabiwe au isihesabiwe. Akainua pua. "Na hilo vundo latoka wapi? Nani amevunja mayai huko juu?"

Hapo nikafuta. Nywele zilitoka, sikatai, zilitoka zote, ila hazikutoka peke yake. Ngozi ya muundi ilikuwa nyekundu kama kamba aliyechemshwa, na pahali pawili pamechubuka pana maji. Mguu wa kushoto sikuugusa. Nikasema, desturi ni kuanza na wa kulia, pengine wataosha huo tu, na tena kanzu ni ndefu. Dada yangu akanifukiza udi mara tatu akilalamika kwamba nanuka kama mtungi uliosahauliwa. Nikamwambia Sefu kwamba nimeungua. Akasema, "Wacha uoga, hakuna atakayeona."

Nikaha ilifungwa msikitini baada ya alasiri, nikaitikia bila kukosea hata neno moja (nilijifunza siku kumi), kisha tukaandamana kwenda Kibokoni kwa wakwe, mimi na joho na upanga, Sefu kando yangu na mwavuli, wanaume nyuma wakisoma na kuitikiana, na kila hatua kanzu inaukwaruza mguu kama msasa. Nyumba ya wakwe iko mkabala na njia ya reli ndogo, ile ya magari ya kusukumwa, na tulipojaa pale mlangoni gari moja likakwama, Mzungu amekaa ndani na kofia yake, wasukumaji wake wawili wamesimama wakitabasamu. Nilisema moyoni, na huyu naye.

Kiti kikawekwa mlangoni, na beseni la shaba. Somo wa Zuhura, mama mmoja mnene aitwaye Bi Mwana Saada, akachuchumaa mbele yangu, na nyuma yake giza la ukumbi limejaa macho.

"Bismillahi. Lete mguu, bwana harusi. Mbona waukaza? Hauliwi."

Nikamwachia. Akaipandisha kanzu, akashika birika, na lile birika, sikuwa nimelijua hilo wala Sefu hakunambia, halikuwa na maji matupu. Lilikuwa na marashi. Yalipofika pale pamechubuka mimi sikupiga mguu kwa kutaka, mguu ulikwenda wenyewe. Beseni likaruka. Bi Mwana Saada akaketi chini, leso yake mpya imelowa kifuani, na kabla hajavuta pumzi mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele:

"Tazameni huo mguu! Ana maradhi! Bwana harusi ana maradhi!"

Neno hilo lilitoka mlangoni likapita juu ya vichwa vya watu, nami nikalisikia likienda, ana maradhi, ana maradhi, mpaka huko nyuma mtu akalipa jina lake, akasema ukoma. Wanaume wakarudi nyuma hatua moja. Jua likanipiga usoni, nikageuka kutazama limetoka wapi, kumbe Sefu ameondoka na mwavuli.

Baba mkwe akatoka. Ni mtu wa heshima, hapandishi sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Bwana, una nini mguuni?"

"Nimeungua, baba."

"Umeungua na nini?"

Nikamtazama Sefu, amesimama ukutani. Nikasema moyoni, neno moja tu, Sefu, wewe mwenye maneno. Baba mkwe akayafuata macho yangu. "Wewe ndiye nduguye. Ana nini?"

Na Sefu akasema, "Mimi sijui, mzee. Hayo ni mambo yake."

Hayo ni mambo yake! Aliyenunua ni yeye, aliyenambia ikiwasha ningoje ni yeye.

"Basi sikiza," akasema baba mkwe. "Binti yangu simpandishii ngazi mtu mwenye maradhi niliyofichwa. Nikaha imefungwa, lakini kadhi yupo, na kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Sema sasa, au urudi kwenu."

Nilikuwa na njia mbili, zote mbaya. Nikinyamaza nimekuwa mkoma, na Zuhura ataachishwa mume siku moja tu baada ya kuolewa, na nani atamwoa tena mtoto wa watu? Nikisema, nimekuwa mwanamume anyonyoaye miguu kama mwari. Nikasema kwa sauti ndogo. Akasema hasikii. Nikasema tena, hasikii, na hapo ile hasira ya siku nzima, ya Sefu, ya unga, ya macho yale gizani, na ya hizi haya zangu zilizonifikisha pale, ikanitoka yote kwa mara moja:

"Nimenyonyoa nywele! Nimenyonyoa nywele za mguu kwa dawa ikaniunguza! Haya! Mmesikia?"

Wasukumaji wa gari wakatazamana. Kisha mmoja wao akamweleza yule Mzungu, kwa ishara, akijishika muundi na kung'oa, na Mzungu akacheka wa kwanza, na mtaa wote ukamfuata.

Baba mkwe hakucheka. "Nitajuaje?"

Nikaipandisha kanzu upande wa kushoto, mwenyewe, mpaka gotini. Bi Mwana Saada akajikokota akaja, akautazama wa kushoto, akautazama wa kulia, kisha akainama akaunusa huo wa kulia (mama wa watu!), akafuta pua.

"Vundo hili nalijua. Kuna bibi harusi mmoja wa Kiarabu alijiunguza na dawa hiyo, mimi ndiye niliyemuuguza. Huyu hana maradhi, bwana. Huyu ana ujinga, na huo hauambukizi. Leteni maji matupu." Akanigeukia. "Na wewe, lete huo wa kushoto, wenye manyoya. Sijamaliza kazi yangu."

Akauosha. Wakaniimbia wimbo wa chui aliyetiwa madoa upande mmoja, wakautunga papo hapo, na una beti nyingi kuliko ninavyopenda kuzikumbuka. Nikapanda ngazi.

Zuhura alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa, mikono na miguu imepakwa hina nyeusi mpaka juu. Tulipoachwa wawili nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Alifunua uso, na uso wake ulikuwa umekasirika kunishinda mimi.

"Onyesha."

Nikamwonyesha. Akautazama kutoka gotini hadi kifundoni.

"Mimi wamenikalisha siku tatu," akasema. "Kwa jivu. Wawili wameshika, mmoja ang'oa. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na kila nikilia wananiambia nyamaza, mumeo ndivyo atakavyo."

"Mimi sikusema neno hilo."

"Najua sasa. Na wewe nani alikwambia mimi nataka hivyo?"

"Sefu."

"Sefu ananijua mimi?"

Akavuta chini upindo wa nguo yake, akasema taratibu, "Basi zangu ziling'olewa bure," na machozi yakamtoka, nami nikakaa chini kando yake na mguu wangu unaowaka, na sijapata kumkasirikia mtu kama nilivyojikasirikia saa ile.

Samli na asali alinipaka yeye, siku kumi na mbili, mpaka ngozi ikarudi, na nywele zikarudi nyuma yake. Zake pia zimerudi. Somo alipokuja na jivu lake mwezi wa pili, Zuhura alimpa kahawa na halua, akamshukuru, akamwambia alirudishe jikoni. Sefu hapiti kwetu na mimi sipiti kwao. Najua husimulia barazani, naye husimulia vizuri kunishinda, lakini hadithi yake huishia mlangoni pa chumba chetu, yaliyosemwa ndani hayajui, na mimi nimeapa kwamba jambo la kumpendeza mke wangu nitamwuliza mke wangu, hata kama kumwuliza kutanitoa jasho, na bado kunanitoa.