Ndege Ikiharibika Unashukia Wapi?

Mafuta ya ndege hunuka kama mafuta ya taa. Kila alfajiri, tangi linapojazwa nami nikiizunguka ndege kuikagua, harufu ile hunishika puani, na kabla sijafika kwenye bawa la pili tayari niko Isevya, mtaani kwetu Tabora, jikoni kwa mama, karibu na lile jiko la tambi lililokuwa likitoa moshi mweusi kila alipolizima.

Jikoni humo ndimo nilimohukumiwa. Nilikuwa kidato cha pili, na shuleni tulitakiwa kuchagua: anayetaka sayansi aendelee na fizikia, anayetaka biashara aiache. Baba alikuwa na duka la kanga na vitenge, na ilikuwa imekwisha kuamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba nitasoma biashara ili siku moja nilishike. Jioni hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, tumejibana sote jikoni tukila matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa chai ya rangi. Nikasema nataka fizikia, maana nataka kuwa rubani.

Mama alicheka. Baba mkubwa, kaka yake baba, hakucheka. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu mwema, aliyeamini kila jambo lina faida na hasara zake. Ila faida alipenda kuziacha zijitetee zenyewe.

"Gari likiharibika unashuka, unakaa pembeni," alisema. "Ndege ikiharibika unashukia wapi?"

Mama naye akapata nguvu. Rubani hali chakula cha moto. Idi humkuta ugenini. Na mwanamume gani atakubali mke ambaye hajulikani yuko anga gani?

"Msafiri kafiri," baba mkubwa akamalizia, akichovya kipande chake kwenye chai.

Nami nikataja faida zangu. Zilikuwa chache, na nyingine za kitoto kweli: nitaona Ziwa Viktoria asubuhi na Ziwa Tanganyika mchana, nitavaa kofia, nitaiona Tabora yote kwa mara moja, na bati letu lenye kutu katikati yake.

"Sisi ni watu wa ardhini," alisema baba mkubwa. "Babu zetu walikwenda Bagamoyo kwa miguu, mizigo mabegani, wakafika na wakarudi. Nani kati yao alihitaji mabawa?"

"Na waliobaki nyumbani," nikamjibu, "nani anawataja leo?"

Baba alipaliwa na chai. Mama alininyooshea mwiko. "Unamjibu baba yako mkubwa?" Nikaambiwa niombe radhi, nikaomba, kwa kuwa nilimpenda. Kisha nikaambiwa kesho nikachague biashara. Hapo nilikusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Kesho yake mwalimu alipofika kwenye jina langu, nilisema fizikia. Sikuficha. Nilitoka shule moja kwa moja hadi dukani, nikamwambia baba mbele ya wateja, "Shikamoo baba. Nimechagua fizikia."

Alikuwa anakunja kanga. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Marahaba," alisema hatimaye. Kisha, akiipanga kanga ile juu ya nyingine: "Ukishindwa, duka lipo."

Nilikasirika wiki nzima. Nilidhani ananitakia kushindwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba pale ndipo aliponiruhusu, kwa maneno pekee aliyoyaweza.

Sikushindwa. Lakini, ndugu zangu, hasara zao zilinipata. Nimekula wali baridi juu ya magoti. Nimesali Idi na watu nisiowajua. Mchumba mmoja alichoka kuningoja, akaoa. Na ile kubwa kuliko zote hakuna aliyeitaja jikoni. Baba alifariki asubuhi moja ya masika nikiwa Kigoma, mawingu yameufunga uwanja, nami mwenye ndege sikuweza kuruka. Wakamzika baada ya alasiri. Nilifika siku ya pili, nikiwa na sare yangu ya kazi, nikawakuta akina mama wamejaa mikekani.

Baba mkubwa alinipokea mlangoni, macho yamemvimba.

"Unaona sasa, mwanangu?"

"Naona, baba mkubwa."

"Na utarudi tena huko?"

"Nitarudi."

Minong'ono ikapita mikekani. Mama, ndani ya kanga yake nyeupe, hakuinua kichwa. Alisogea tu, akapapasa nafasi iliyobaki ubavuni mwake.

"Mpisheni rubani akae," alisema.

Utotoni niliamini kwamba anayenitajia hasara ni adui yangu. Sasa najua walikuwa wakinipenda, na karibu yote waliyoyasema yalikuwa kweli. Walikosea jambo moja tu: walidhani mtu akishazijua hasara zake, ataacha. Mimi nazijua zote. Nyingine nimezilia. Na kesho alfajiri naruka.