Fuvu Mferejini

Vijana walimwamkia mjomba shikamoo kabla ya kumpiga. Naye aliitikia marahaba, bakuli la makande mkononi, akidhani wamekuja kuulizia zamu ya maji. Wa kwanza alimpiga kwa mpini wa jembe begani. Bakuli likaruka, maharage yakanimwagikia mimi niliyekaa naye kwenye benchi nikisubiri kuongezewa.

Walikuja na fuvu la mtu. Mvua ya masika ilikuwa imeangusha ukingo wa tuta la juu katika shamba lake la tangawizi. Fuvu lilishuka na mfereji hadi kwa jirani wa chini, ambako mama wa nyumba hiyo alilikuta limeziba njia ya maji. Na nyumba hiyo ilikuwa na mtu aliyepotea. Mwana wao mkubwa alishuka Same kuuza tangawizi kabla ya Krismasi, simu yake ikazimika, hakurudi. Siku chache kabla ya kushuka aligombana na mjomba kwa ajili ya maji, mbele ya watu, na mjomba akamwambia neno ambalo kwetu milimani watu huambiana kila kiangazi, kisha wakakaa pamoja kanisani Jumapili: nitakukata kichwa.

"Kichwa ndicho hiki," alisema mdogo wa yule aliyepotea. "Kiwiliwili kiko wapi, mzee?"

Mjomba alilitazama fuvu, akafunga mdomo.

Hapo nikasimama. Mimi nimesoma, na mtu aliyesoma akiona umati wenye mapanga hudhani umekosa maelezo tu.

"Jamani, fuvu halitambuliki kwa macho," nilisema. "Kuna vipimo."

"Pengo hili hapa! Kaka alivunjwa jino la mbele kwenye mpira, kijiji kizima kinajua. Unaliona, au hiyo miwani ni ya urembo?"

Akanikabidhi. Nililipokea, nikaligeuzageuza, nikawahutubia juu ya umuhimu wa kutogusa ushahidi, na alama zangu za vidole vyote kumi zimeshalijaa. Pengo lilikuwepo kweli. Juu ya sikio palikuwa na ufa mrefu pia, kama wa panga.

"Mzee, sema basi!" nilimsihi mjomba. "Waambie hujui."

Hakusema. Na watu waliokuja na swali huona kimya ni jibu. Walimwangusha. Nilisikia mbavu zikilia kama kuni kavu. Mtu alinipiga kofi moja, miwani ikaenda na mimi nikaifuata chini, na kutoka pale chini niliona jiwe likiinuliwa na kushushwa usoni mwa mjomba, likainuliwa tena likiwa jekundu. Mwingine alikuwa tayari amesimama na panga juu ya shingo yake. Aliyemzuia ni mama wa aliyepotea, yule yule aliyelikuta fuvu. Alijitupa juu ya mjomba akipiga kelele:

"Msimuue! Mkimuua, nani atanionyesha mwanangu alipo?"

Ndivyo alivyopona. Polisi walifika kutoka Same kwa njia ya Kisiwani, wakalitia fuvu kwenye boksi na mjomba kwenye gari.

Hospitali ya Gonja walifanya walichoweza. Jicho la kushoto halikuwa la kuokolewa, kwani lilikuwa limepasuka. Siku alipoweza kuongea, askari aliyemlinda alitoka nje kuvuta sigara, na mjomba akaniita karibu.

"Yule ni bibi yangu," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, akipumzika kati ya maneno. Zamani wazee wetu walifukua vichwa vya wafu wao baada ya muda, wakavihifadhi mahali pa ukoo. Babu yangu, yaani baba yake, alipobatizwa aliagizwa akavitupe msituni. Alisema amevitupa. Ukweli ni kwamba alivizika katika tuta la juu, kimoja baada ya kingine, akapanda migomba juu yake, na alipokaribia kufa akamrithisha mjomba shamba pamoja na watu wake.

"Na ulikaa kimya? Wanakuponda uso na wewe umekaa kimya?"

"Ningesema nini, mpwa wangu? Kwamba mzee wa kanisa, anayeshika kapu la sadaka, anafuga mafuvu chini ya migomba? Wangeniua vilevile, halafu wangenitenga."

"Basi mimi nitasema."

"Ukisema, mimi si mjomba wako tena. Wewe ndiye uliyesema kuna vipimo. Acha vipimo viseme."

Hivyo mtu wa tangawizi akawa anaiamini sayansi kuliko mimi. Baada ya mahabusu aliachiwa kwa dhamana ya polisi, uchunguzi ukiendelea, akaja kukaa kwangu Same mjini, kwa sababu kule juu waliapa kwamba akivuka mfereji tu, watammalizia na jicho la pili. Kila siku aliuliza kama simu ya majibu imepigwa. Alichukia joto la Same, alichukia maji yake ya chumvi, na kila asubuhi alisimama uani akitazama milima kwa jicho moja kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Alitaka kurudi, basi.

Sikuwa na moyo wa kumwambia ninayoyajua. Wazee wetu walimlambisha mtuhumiwa chuma cha moto. Asiyeungua ulimi hana hatia. Tunacheka sasa. Lakini mahakama za nchi kubwa, miaka si mingi iliyopita, zilifunga watu maisha kwa sababu daktari wa meno aliapa kwamba alama ya kung'atwa kwenye mwili wa marehemu ni ya meno ya mshtakiwa. Wengine walifungwa kwa unywele mmoja uliofanana na unywele mwingine chini ya darubini. Vilipokuja vipimo vya vinasaba, baadhi yao walitolewa gerezani wakiwa wazee. Aliyeapa alikuwa na koti jeupe na sauti ya uhakika, na uhakika huo ndio uliowafunga. Vijana wetu pale uani walifanya jambo lile lile kwa pengo la jino, isipokuwa wao hawakuwa na koti.

Hata hivyo nilikuwa na matumaini. Vinasaba ni kitu kingine, nilijiambia. Mama wa aliyepotea alishatoa mate yake wayalinganishe na mfupa. Sayansi safi haina ugomvi wa maji na mtu.

Majibu yalipokuja, mpelelezi aliyasoma mbele ya ofisi ya kijiji, boksi la fuvu mezani kwake, mchana, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Nilikuja na mjomba kwenye gari la polisi, yeye kati ya askari wawili. Nilifurahi nilipokuwa nikisikiliza, maana kila neno lilikuwa zuri. Fuvu halina uhusiano na mama aliyetoa sampuli. Ni la zamani, la miaka mingi kabla ya kijana kupotea. Jino liling'oka baada ya kifo, kwa kuwa tundu lake halikuziba. Mtu akipoteza jino akiwa hai, mfupa huziba. Ufa ni wa udongo na mizizi, si wa panga. Mwisho, ni fuvu la mwanamke mtu mzima.

Halafu mtu mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kumbe kaua na mwanamke."

"Mwanamke gani?" mwingine akauliza.

"Si yule mke wa mwalimu aliyesemekana amekwenda Tanga?"

"Eeh! Yule hakwenda Tanga!"

Nilipanda kwenye benchi. Nilipaza sauti juu ya maana ya neno zamani. Jiwe la kwanza lilipita karibu na sikio langu, la pili likampata askari mdomoni, naye akafyatua risasi juu. Watu wakalala chini, kisha wakaanza kuinuka, na waliinuka na mawe. Majibu safi ya maabara yalikuwa yamemfutia kosa moja na kumwandikia lingine, na nyuma yetu gari liliwashwa tuondoke, tusirudi tena.

Mjomba hakupanda gari. Alilichukua boksi mezani, akalitoa fuvu, akaliinua kwa mikono miwili.

"Huyu ni mama aliyemzaa baba yangu," alisema. "Hakutupwa msituni. Tulidanganya. Wenzake wako kwenye tuta la juu, na mimi ndiye ninayewapalilia. Nitengeni."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Wanawake wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa taratibu, bila mshangao wowote, na mawe yakaanza kudondoka mikononi. Mdogo wa aliyepotea peke yake alibaki amesimama na lake.

"Tuonyeshe," alisema.

Tulipanda naye shambani, kijiji kizima nyuma yetu. Kijana alichimba mwenyewe. Kila fuvu alilolitoa alilifuta udongo kwa shati lake, akalitazama usoni kwa muda mrefu, akalipokeza kwa mama yake, naye akalilaza juu ya majani ya migomba. Yote yalikuwa kahawia, mepesi, yaliyokaa ardhini muda mrefu kuliko umri wa yeyote pale. Yalipokwisha aliendelea. Alifika kwenye udongo mwekundu usiowahi kuguswa, kisha kwenye mwamba, akahamia hatua chache pembeni na kuanza shimo jipya, kwenye tangawizi changa.

"Mwanangu, hayupo hapa," mama yake alimwambia.

"Sijui hilo," alijibu. "Na wewe hujui."

Watu walianza kuondoka, mmoja mmoja. Niliinama kumwambia mjomba kwamba hii sasa ni uharibifu wa mali, tumwite askari. Aligeuza uso wote ili anione.

"Mwache," alisema. "Mpaka amalize shamba lote. Vinginevyo sitalala huku hata siku moja."

Jioni ile nilirudi na mjomba Same, tukamwacha kijana bado anachimba.