Kisima Nilichokiandika

Katika mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya uandishi wa habari pale chuoni Chimwaga, Dodoma, mhadhiri wa historia ya magazeti alitueleza kwamba magazeti ya mwanzo ya Kiswahili yalitoka misheni na kwa serikali ya kikoloni, na kwamba ilichukua muda mrefu mwenyeji kukalia kiti cha mhariri. Tuliyaandika hayo kwa ajili ya mtihani. Kuhusu ajira alikuwa mfupi zaidi: wengi wetu tungeishia kuandika taarifa za maofisini, na wachache wenye bahati wangepata gazeti. Mimi nilitaka gazeti, tena nililitaka kupita kiasi.

Mafunzo kwa vitendo nilifanya katika gazeti dogo mjini. Tulikuwa wanafunzi wawili, na mhariri alishatuambia bila kutuzungusha kwamba angembakisha mmoja. Hakuna pale aliyejua kuwa mimi ni Msandawe. Bwenini nilikuwa nimechoka kuombwa niongee Kisandawe ili watu wacheke jinsi ulimi unavyogonga na kualika mdomoni, kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimjibu natoka Kondoa mjini, basi.

Siku moja mhariri alinituma kijiji kimoja cha Chemba nikaandike habari ya kisima kipya. Mwandishi akifika kijijini huanzia kwa mwenyekiti, na asipoijua lugha, mwenyekiti ndiye mkalimani wake. Nilimwamkia shikamoo, akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta uwele mlangoni kwake.

Bibi alizungumza kwa Kisandawe, kwa muda mrefu. Alisema wageni walikuja, wakapiga picha, kisima kikatoa maji wiki mbili kisha kikakauka. Sasa anachota korongoni, kwenye madimbwi wanakokunywa ng'ombe, na mjukuu wake anaharisha tangu Jumapili.

"Anashukuru sana kwa kisima," mwenyekiti akatafsiri.

Nikaandika. Bibi akanikazia macho, kisha akamuuliza mwenyekiti kama huyu binti atayaandika yote.

"Anasema karibu tena."

"Asante, bibi," nikajibu kwa Kiswahili.

Ningeweza kufungua mdomo. Niliona aibu, lakini niliiona zaidi ile nafasi moja. Mwenyekiti angempigia mhariri simu kabla sijafika barabarani, na mhariri alishasema anataka habari ya shukrani. Sijidanganyi kwamba nililazimishwa.

Habari ilitoka ukurasa wa tano, jina langu likiwa juu yake. Mhariri alisema naandika kwa utulivu. Nilibakishwa mimi.

Nilipopata mapumziko nikalipeleka gazeti nyumbani kwa mama, ambaye hajui kusoma. Alijifunga kitenge vizuri, akakaa, akataka nimsomee yote kwa Kisandawe. Nilianza na zile shukrani, zikanishinda. Basi nikamsomea maneno ya bibi kama nilivyoyasikia, wageni na picha na korongo na mjukuu, huku kidole changu kikitembea juu ya mistari isiyokuwa nayo.

Mama alifurahi waziwazi.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa wakubwa wa Dodoma wakishayasoma haya, watamtengenezea huyo bibi kisima lini?"

Nikalikunja gazeti, nikamwambia ni suala la wiki chache tu.