Matumba ya Mkomamanga

Mimba yangu ya tatu iliingia mwezi uleule mkomamanga wetu ulipoanza kutoa matumba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, zote kabla ya mwezi wa nne, kwa hiyo mtu asije akaniambia eti mti ni mti tu. Uko mbele ya mlango wa chumba changu, hapa Garissa, na kila asubuhi nilifungua mlango nikakuta matumba mekundu yameanguka mchangani, hata hayajafunguka. Nayaokota, nayahesabu. Nikienda chooni naogopa kuangalia nguo yangu.

"Jicho hilo," jirani alisema. Haya, nikaufukiza mti ubani mpaka macho yakaniwasha. Matumba yakaanguka vilevile. Nikasaka wadudu chini ya majani, nikanyunyiza majivu. Nikamwaga samadi ya mbuzi, maana kwetu asiyezaa huongezewa chakula. Lo! Majani yalinawiri, mti ukanona kama beberu wa Idi, na hata tunda moja haukushika.

Maji yalikuwa mikononi mwa mama mkwe, ninayemwita Hooyo kama mwanawe anavyomwita. Alikulia visimani Wajir akinywesha ngamia, na mkomamanga aliunywesha hivyohivyo: siku nane bila tone, ya tisa mitungi minne kwa mpigo. "Anayekunywa kila siku hulegea," alisema. Ningembishia vipi, mimi mtoto wa mjini nisiyejua kukamua hata mbuzi?

Kuna mkulima wa Balambala anayetuletea nyanya. Siku moja aliyaona matumba chini, akachutama, akafukua mchanga kwa kidole.

"Mama, huu mnaunyweshaje?"

Nikamweleza. Akacheka akajishika mbavu. "Kwani ni ngamia? Mti huu ukishikwa na kiu unatupa watoto wake ili wenyewe usife."

Maskini, hakujua anaongea na nani. Nikakaa juu ya ndoo. Yeye akaendelea tu: maji kidogo kila jioni, nyasi kavu kuzunguka shina, samadi tuache kwanza. Na matumba mengine yataanguka tu, akasema, yale membamba kwa chini. Yanayoshika ni yenye tumbo.

Hooyo alisikia yote kutoka jikoni. Jioni alitoka na nusu mtungi akamimina mwenyewe, polepole, amenuna.

Baada ya wiki nilikuta matumba matatu. Kesho yake moja. Halafu mchanga mtupu, siku baada ya siku. Alhamdulillahi! Nikaanza kulala. Mwezi wa nne ukaja ukapita, nami nikathubutu kununua kofia ndogo ya mtoto, nikaificha chini ya godoro.

Kisha alfajiri moja, kabla ya adhana, haja ndogo ikaniamsha. Nikafungua mlango. Hooyo alikuwa amepiga magoti chini ya mkomamanga, tochi ameibana kwa meno, anaokota matumba na kuyatia kwenye pindo la mtandio wake. Pindo lilikuwa limejaa.

Nikamwendea. "Kumbe hayakuacha?"

Akatoa tochi mdomoni. "Yamepungua. Kuacha, hayajaacha."

"Tangu lini unaokota?"

"Tangu yule mtu wa nyanya aje."

"Mbona unanificha, Hooyo?"

Aliyatazama yale matumba. "Nilitaka ulale," akasema. "Mimi silali, wallahi. Nakaa nyuma ya mlango wako nasikiliza kama unalia."

Nilitaka kukasirika. Hasira niliitafuta nikaikosa. Siku zote nilidhani mle ndani naogopa peke yangu, na kwamba yeye ananihesabia tu mimba zilizoharibika. Nikashuka chini kadiri tumbo lilivyoniruhusu, tukaokota wote. Tulipomaliza akamulika juu. Kulikuwa na makomamanga mawili yameshika, madogo kama ndimu. Tuliyaangalia bila kuyasifu, tusije tukayapa jicho sisi wenyewe.

Msichana wangu ana miaka mitatu sasa, mashallah, na makomamanga anayala mpaka gauni lote madoa. Mimi nina mimba nyingine, mwezi wa tatu, na mti umeanza tena kutoa maua. Maji tunautilia kila jioni, nyasi zipo shinani, na hofu ni ileile. Lakini Hooyo moyo wake sasa ni mgonjwa, na daktari amesema asishtuliwe.

Kwa hiyo siku hizi naamka kabla yake, nawasha tochi, naokota. Jana yalikuwa kumi na moja. Aliponiuliza, nilimwambia mchanga ulikuwa mtupu.