Nilipeleka Mikoko Merti

"Mikoko ya Merti iko upande gani wa mji?"

Ndilo swali aliloniuliza mama mmoja wa shirika la ufadhili kwenye mkutano wa mtandaoni, wakubwa wangu wa kaunti wakisikiliza. Merti haina mikoko! Mikoko huota kwenye maji ya chumvi, na sisi tuko na mchanga, miiba na ngamia. Mikoko ile niliipeleka mimi, na kosa ni langu peke yangu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na dharau tele. Nikapata kazi ya mkataba katika ofisi ya mipango hapa Isiolo. Loo, nilivyowadharau wale watu! Warsha, chai, mandazi, maazimio, kisha warsha nyingine ya kujadili maazimio.

Likaja tangazo: kaunti ziombe fedha za kupanga kujikinga na mafuriko, za pwani ambako bahari inapanda na za bara zenye mito. Mkubwa wangu akaniambia, "Nenda Merti siku tatu, ukae na dedha." Dedha ni baraza la wazee wa malisho. "Wao wanajua mto Ewaso Nyiro ukifura unafika wapi. Andika wanachosema."

Nikacheka moyoni. Wachunga ngamia wanifundishe mimi mafuriko?

Sikwenda. Nilitafuta ombi la kaunti moja ya pwani lililokuwa limekubaliwa, nikabadilisha majina. Palipoandikwa bahari, nikaandika mto. Niliamini hakuna anayesoma makaratasi haya, si ofisini wala kwa wafadhili, kwa hiyo hata mimi sikuyasoma! Kurasa za nyuma zikabaki na mikoko, maji kupwa na kujaa, na ukuta wa kuzuia mawimbi.

Siku niliyotarajiwa, shangazi yangu anayeishi Merti kando ya mto alinipigia simu.

"Salaam aleikum, mwanangu. Umefika wapi?"

"Barabara imeharibika, shangazi."

"Imeharibika? Lori la mbuzi limeingia saa hii tu! Wazee wamekaa, nyama iko motoni."

"Kuleni tu, shangazi."

"Tule tu? Haya, msomi. Tutakula na sehemu yako."

Nikakata simu nikijiona mjanja, nimeokoa siku tatu za maisha yangu. Upumbavu ulioje!

Ombi lilikataliwa. Mkataba wangu haukuongezwa, na hilo nilistahili. Lakini msimu wa mvua ulipofika, mto ukavunja kingo. Shangazi alipoteza nyumba na mbuzi wote isipokuwa mmoja, akahamia darasa la shule pamoja na familia nyingine.

Nilipompelekea unga na blanketi, habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Vijana wakaita, "Mama Mikoko amefika! Umetuletea ule ukuta wa mawimbi?" Shangazi hakunitetea. Alipokea unga, akanitazama, akauliza, "Leo barabara ni nzuri?"

Wewe msomi mwenzangu unayesoma haya ofisini ukiwacheka wakubwa wako, dharau yako haijawahi kuzuia hata ndoo moja ya maji! Ukiona kazi ni ya kijinga, ikatae waziwazi apewe mwingine. Usiifanye kijinga halafu ulaumu ofisi. Na ukitumwa kwa watu, nenda!

Miaka ilipita ndipo karani wa lile baraza akanieleza kilichofanyika asubuhi ile wakiningoja. Wazee walikuwa wamekubali kutoa kipande cha uwanda wa juu, malisho wanayoyatunza kwa ajili ya kiangazi, ili watu wa kando ya mto wahamie huko. Karatasi ilikuwa imeshapigwa dole gumba. Ilikuwa inangoja afisa wa kaunti aipokee.